Kabla hujafungua kopo: kunyonyesha kunapokuwa kugumu katika siku za mwanzo

Kopo la kwanza la maziwa ya unga ya watoto wachanga nyumbani kwangu lilifunguliwa saa nane usiku, siku ya tatu baada ya kujifungua, na mtu ambaye hakusoma maandishi ya nyuma yake. Mtu huyo ni mimi. Mtoto alikuwa analia tangu magharibi, matiti yangu yalikuwa laini kana kwamba hayana habari ya kilichotokea, na kila aliyekuwa ndani ya nyumba alikuwa na neno moja: hashibi. Nikakoroga, akanywa chupa nzima, akalala kwa saa tano. Nilitokwa na machozi ya furaha. Baada ya wiki mbili akipewa titi ananyonya mara tatu nne, anajinyonganyonga, analia mpaka aione chupa.

Kwa mtoto wa pili kopo lilifunguliwa pia. Siku ya nne mizani ilionyesha amepungua kuliko inavyotakiwa, mkunga akasema aongezewe, akaongezewa: mililita 20 kwa kikombe kila baada ya kunyonya, huku mimi nikikamua. Kufikia wiki ya tatu hakuhitaji tena. Maziwa yalikuwa ya aina ile ile. Kilichobadilika ni mpangilio: tulijua tatizo ni lipi kabla ya kukoroga, tulipima, na kila tulichompa kutoka kwenye kopo tulikidai kwenye titi pia.

Ndio mpangilio utakaoufuata hapa. Ni kwa mtoto aliyezaliwa kwa muda wake akiwa na afya. Mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo sana, ana utaratibu wake mwingine unaopangwa na wanaomhudumia wodini.

Mambo yasiyosubiri kusoma

Funga ukurasa huu, mpeleke hospitali sasa hivi, kama mtoto amelegea au amelala kiasi kwamba haamki kunyonya hata ukimvua nguo na kumsugua nyayo. Kama ana joto la 38 au zaidi, au mwili wake ni wa baridi na haupati moto hata akikumbatiwa kifuani. Kama anapumua kwa kasi, mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Kama utosi umebonyea na mdomo umekauka. Kama ametapika kitu cha kijani au damu. Kama amepata degedege. Umanjano wa macho na ngozi ulioonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni wa kukimbilia hospitali, na vivyo hivyo ule ulioshuka hadi miguuni au viganjani. Na mtoto aliyetimiza siku tatu asipokojoa kwa saa nane, usikae kutafuta mkao mzuri wa kunyonyesha. Nenda.

Hatua ya 1: Hesabu nepi, usihesabu vilio

Mtoto mchanga hulia kwa njaa, kwa baridi, kwa kutaka kubebwa, na wakati mwingine kwa sababu ambayo haitajulikana kamwe. Kwa hiyo kilio hakipimi maziwa. Kinachopima ni kile kinachotoka upande wa pili.

Anza na kinachoingia, ili usitishike bure. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, huja kwa matone. Siku ya kwanza mtoto huchukua kama mililita 2 hadi 10 kwa mnyonyo mmoja, yaani isiyozidi vijiko viwili vya chai. Siku ya pili ni mililita 5 hadi 15, ya tatu 15 hadi 30, na siku ya nne ndipo anapofika 30 hadi 60. Sasa nielewe nilivyofanya usiku ule: nilimpa mtoto wa siku tatu chupa nzima, karibu mara tatu ya alichohitaji. Alilala kwa sababu tumbo lilikuwa limemjaa pomoni, nami nikasoma usingizi ule kama ushahidi kwamba mimi sina maziwa.

Mkojo: siku ya kwanza walau mara moja, ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Kuanzia siku ya tano tarajia nepi sita au zaidi kwa saa 24, zenye uzito, na mkojo usiokolea rangi. Nepi za kutupa hudanganya kwa kuwa hunyonya unyevu wote. Mimina vijiko vitatu vya mezani vya maji kwenye nepi kavu, iinue mkononi, ukumbuke uzito huo. Doa la rangi ya matofali kwenye nepi si damu, na katika siku mbili tatu za kwanza halina neno. Likionekana baada ya siku ya nne, mtoto hapati vya kutosha.

Choo: cheusi na cha kunata kama lami mwanzoni, kisha kijani kibichi siku ya tatu au ya nne, kisha njano na laini kufikia siku ya tano, mara tatu au zaidi kwa siku. Mimi huamini rangi ya choo kuliko kitu kingine chochote nyumbani, kwa sababu haiwezi kubadilika bila maziwa kupita tumboni. Choo kikiwa bado cheusi siku ya tano, kuna tatizo hata kama mtoto amelala kwa amani. Hasa kama amelala kwa amani.

Uzito: karibu watoto wote hupungua kwanza. Kupungua hadi asilimia 7 ya uzito wa kuzaliwa ni kawaida; ukikaribia asilimia 10, unyonyeshaji wote ukaguliwe na mtaalamu siku hiyo hiyo. Kwa mtoto aliyezaliwa na gramu 3,200, asilimia 7 ni kushuka hadi gramu 2,976, na asilimia 10 ni kufika gramu 2,880. Uzito wa kuzaliwa urudi kati ya siku ya 10 na ya 14, na baada ya hapo aongeze kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Apimwe akiwa mtupu, kwenye mizani ile ile. Na kama uliwekewa dripu nyingi wakati wa uchungu, mwambie anayepima: maji yale huweza kumfanya mtoto azaliwe na uzito wa bandia, ambao huutoa kwa mkojo siku ya kwanza.

Hatua ya 2: Ondoa vitisho vya uongo

Mambo manne hufungua makopo mengi bila sababu. La kwanza ni matiti laini. Maziwa mengi hufika kati ya siku ya pili na ya nne; kabla ya hapo titi laini ni titi la kawaida, na baada ya wiki kadhaa litalainika tena kwa sababu limezoea kazi. La pili ni jioni ya kunyonya bila kukoma: mtoto ananyonya, anaachia, dakika kumi baadaye anataka tena, saa tatu mfululizo. Watoto wengi hufanya hivyo, na usiku wa pili tangu kuzaliwa unajulikana kwa vurugu hizo. La tatu ni kukamua na kuambulia vijiko viwili. Mkono na pampu havijui kunyonya kama mtoto anayejua.

La nne ndilo linaloshawishi zaidi: kunyonya halafu bado kumaliza chupa. Chochote kinachogusa kaakaa lake, mtoto mchanga hukinyonya, na chupa ikitiririka lazima ameze. Kumaliza chupa hakuthibitishi kwamba alikuwa na njaa.

Hata hivyo kuna maziwa yanayochelewa kweli. Ikipita siku ya tatu bila matiti kujaa wala kubadilika, tafuta msaada. Hutokea zaidi kwa uzazi wa kwanza, baada ya upasuaji au uchungu mrefu, kwa mwenye kisukari au uzito mkubwa, na kwa aliyetokwa damu nyingi. Kipande cha kondo la nyuma kilichobaki ndani nacho huzuia maziwa yasije, na hicho si cha kutibu kwa supu wala kwa mashauri, kinahitaji daktari.

Hatua ya 3: Rekebisha anavyolishika titi

Ningeshauri utumie nguvu zako nyingi hapa, kwa sababu hapa ndipo chuchu zinapochubuka, mtoto anapolala na njaa, na maziwa yanapopungua. Vyote vitatu mara nyingi vina chanzo kimoja: mtoto ameshika chuchu badala ya kushika titi.

Anza na ngozi kwa ngozi. Mtoto abaki na nepi tu, kifua chake kwenye kifua chako, shuka juu ya mgongo wake. Mwache hapo nusu saa kabla ya kujaribu chochote. Usingojee alie, kilio ni ishara ya mwisho ya njaa, na mtoto aliyekwisha kukasirika hafungui mdomo vizuri. Ishara za mapema ni kulamba midomo, kugeuza kichwa huku na huku, kupeleka ngumi mdomoni.

Kaa vizuri wewe kwanza, mgongo umeegemea kitu, ili umlete mtoto kwenye titi na usiinamishe titi kwa mtoto. Sikio lake, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja, tumbo lake limegusa lako. Akibidi kugeuza shingo ili anyonye, hatameza vizuri. Jaribu wewe kunywa maji huku umetazama begani. Mshike kwenye mabega na chini ya shingo, usimsukume kisogo: akisukumwa kichwa hurudi nyuma kupigana.

Sasa chuchu iwe mkabala na pua yake. Wengi hukosea hapa kwa kuielekeza mdomoni moja kwa moja. Ikiwa mbele ya pua, atainua kichwa kidogo, kidevu kitatangulia, mdomo utafunguka wazi kama anapiga miayo. Msugue mdomo wa juu kwa chuchu, ngoja. Ngoja tena. Mdomo ukifunguka kabisa mlete haraka, kidevu kikitangulia kuzama kwenye titi. Mdomo wa nusu usiupokee, hata kama umechoka.

Akishika vizuri utaona weusi unaozunguka chuchu umebaki zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake, mdomo wa chini umekunjuka kwa nje, kidevu kimegusa, pua iko huru, mashavu ni ya mviringo wala hayabonyei. Maumivu ya mvuto wa sekunde chache mwanzoni yanavumilika. Maumivu yanayoendelea si ya kuvumilia. Ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, vunja mshiko, anza upya. Mara tano, kama ni lazima. Chuchu ikitoka mdomoni imebanwa bapa kama ncha ya lipstiki mpya, hakuishika vizuri hata kama uliona ameishika vizuri.

Kisha sikiliza. Mwanzo ananyonya haraka haraka juu juu ili kuyaita maziwa, halafu mwendo unakuwa mzito: anavuta, taya linashuka, linatulia kidogo, anameza. Utulivu ule mdogo wa kidevu ndio mdomo unaojaa. Kuchezacheza mdomo bila kumeza kwa dakika arobaini hakuwezi kuitwa mlo.

Mkao wenyewe chagua unaokufaa. Aliyefanyiwa upasuaji hupata nafuu kumweka mtoto kwapani, miguu yake ikielekea mgongoni kwako, ili asilale juu ya mshono. Au kulala ubavu. Mwenye matiti makubwa naye huona vizuri zaidi kwa mkao wa kwapani. Mimi nilidumu na ule wa kumshika kwa mkono wa upande wa pili, kwa kuwa unanipa uhuru wa kuliongoza titi.

Mtoto anayesinzia: mvue, mbadilishe nepi katikati, na akianza kusinzia libane titi kwa kiganja, taratibu, mbali na mdomo wake, mpaka umwone anameza tena, akiacha kabisa hata ukibana, hamia titi la pili. Katika wiki hizi za mwanzo anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mtoto ambaye bado hajarudisha uzito wa kuzaliwa huamshwa, usingizi mtamu au la. Saa tatu zisipite.

Hatua ya 4: Maumivu, kwa kifupi

Chuchu zilizochubuka hupona mshiko ukirekebishwa. Paka matone ya maziwa yako au mafuta ya lanolini, ziache zipate hewa. Ukipata mchomo mkali usioisha hata baada ya kunyonyesha, na mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika, huenda ni fangasi, na mnatibiwa wote wawili.

Matiti yakijaa hadi kuwa magumu kama jiwe, mtoto hawezi kulishika. Bonyeza kwa ncha za vidole kuzunguka chuchu, ukisukuma kuelekea kifuani kwa dakika moja au mbili, au kamua kidogo tu, mpaka sehemu hiyo ilainike. Baada ya kunyonyesha weka kitu cha baridi. Kusugua kwa nguvu na kukanda kwa maji ya moto sana, ambavyo wengi tulifundishwa, huzidisha uvimbe.

Sehemu ya titi ikiwa nyekundu, ya moto, na wewe una homa na mwili unauma kana kwamba una malaria, endelea kunyonyesha titi hilo hilo, maana kuliacha limejaa kunaharibu zaidi. Usijikamue kupita kiasi, weka baridi, pumzika. Saa 24 zikipita bila nafuu, au hali ikizidi, nenda ukaonwe.

Udata, yaani ngozi inayoufunga ulimi kwa chini, ni suala la ubishi. Kuna watoto ambao ulimi wao umefungwa chini kiasi cha kushindwa kunyonya, na wakikatwa mambo hunyooka mara moja. Kuna wengi zaidi wenye udata wanaonyonya bila shida. Anayekagua atazame mtoto akinyonya; akifunua mdomo tu na kutaja mkasi, tafuta maoni ya pili.

Hatua ya 5: Amua kama kuongezea kunahitajika

Sababu za kweli zipo, na ukiwa nazo usione haya. Uzito umeshuka kukaribia au kupita asilimia 10 na maziwa bado hayajafika. Choo hakijabadilika siku ya tano. Mtoto ana dalili za kukaukiwa maji, au sukari yake ya damu imeshuka, au umanjano umepanda na hanyonyi vya kutosha. Mama ni mgonjwa sana, ametenganishwa na mtoto, au anatumia dawa isiyopatana na kunyonyesha. Dawa za namna hiyo ni chache kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo uliza kabla ya kuacha. Kuna pia mama ambaye matiti yake hayakukua na tishu za kutosha, au yaliwahi kufanyiwa upasuaji, au homoni zake zina hitilafu, na atafanya kila kitu sawasawa bado yasitoshe.

Mama anayeishi na VVU asianze kuchanganya wala kuacha kwa uamuzi wa peke yake. Kliniki inayompa dawa ndiyo itakayompa mpango, kwa kuzingatia dawa zake na vipimo vyake.

Uchovu wako je? Nitasema ninavyoona: ni sababu ya kutafuta mtu wa kubeba mtoto baada ya kunyonya, kupika, kufua. Mama akiamua kwa akili timamu kwamba anataka kuchanganya, ni haki yake. Kinachoniudhi ni kopo linalofunguliwa na wageni.

Hatua ya 6: Chagua kitu, kipimo na chombo

Kitu cha kwanza cha kumwongezea ni maziwa yako mwenyewe uliyokamua. Cha pili, pale yanapopatikana, ni maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kupashwa kwa utaratibu wa benki ya maziwa. Cha tatu ni maziwa ya kopo ya watoto wachanga, yale ya hatua ya kwanza, yaliyotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe na kuongezwa madini ya chuma. Aina maalumu za soya au za mzio zinunuliwe kwa ushauri wa daktari tu. Maziwa ya mnyama yasiyo ya kopo la watoto, maji, maji ya sukari na uji havimo kwenye orodha hii. Asali hairuhusiwi kabisa kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza misuli ya mtoto.

Kipimo rudi kwenye tarakimu za hatua ya kwanza: ndicho anachopaswa kupata kwa mlo mmoja kwa siku hiyo, na kuongezea ni kujazia tu pengo baada ya kunyonya. Usijaze chupa kwa sababu chupa ni kubwa. Mtoto asiyenyonya titi kabisa, baada ya wiki ya kwanza, huhitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zikigawanywa.

Chombo: kwa kiasi kidogo cha siku za mwanzo, kijiko, sirinji isiyo na sindano, au kikombe kidogo vinatosha na havimfundishi mtoto mtiririko wa bure. Kikombe hakimiminwi mdomoni. Mkalishe akiwa wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike usawa wa mdomo, yeye mwenyewe atayalamba. Kuna pia mrija mwembamba unaobandikwa kando ya chuchu, ncha moja kwenye chombo cha maziwa, nyingine kwenye ncha ya chuchu: mtoto ananyonya titi na kupata nyongeza hapo hapo. Ni shughuli ya kuudhi mara tatu za kwanza, lakini kwa titi lenye maziwa machache sijaona kitu bora zaidi.

Ukitumia chupa, chagua nyonyo inayotoka polepole sana. Mtoto awe karibu wima, chupa iwe karibu mlalo, na kila baada ya mezo kadhaa ishushe apumue. Mlo uchukue dakika 10 hadi 20. Akigeuza uso, akitanua vidole, maziwa yakichuruzika pembeni, ameshiba, yaliyobaki yatupwe. Mcheulishe, umbebe.

Hatua ya 7: Koroga kama inavyotakiwa

Unga wa kopo si tasa, yaani haujaondolewa vijidudu vyote, hata kopo likiwa jipya. Unaweza kuwa na bakteria adimu lakini hatari sana kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, na maji ya moto ndiyo yanayowaua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yasiyopungua nyuzi 70. Maziwa ya maji yaliyokwisha kutengenezwa kiwandani ni tasa, na kwa wiki za mwanzo ni salama zaidi ukiyapata.

1. Osha mikono kwa sabuni. Vyombo vioshwe kwa maji ya sabuni, visuguliwe ndani, kisha vichemshwe kwenye sufuria, vimezama vyote.
2. Chemsha maji masafi mpaka yatokote. Yaache yapoe kidogo, yasizidi dakika 30, ili yabaki juu ya nyuzi 70.
3. Tangulia kumimina maji kwenye chombo, kwa kipimo kamili. Unga ukitangulia, kipimo cha maji kinaharibika.
4. Ongeza unga kwa kijiko cha kopo hilo hilo, kilichosawazishwa kwa kisu, bila kushindilia. Soma idadi kwenye kopo. Vijiko havilingani, kipo cha mililita 30 za maji na kipo cha 60.
5. Tikisa, kisha poza chini ya maji yanayotiririka, yasifike kwenye mfuniko. Dondoshea kwenye kifundo cha mkono: yawe vuguvugu.
6. Ampe ndani ya saa mbili tangu kukorogwa. Alichobakiza hakirudiwi wala kuchanganywa na kipya.

Kuzimua ili kopo lidumu ni hatari ya kweli: maji yakizidi, chumvi ya damu ya mtoto hushuka na anaweza kupata degedege. Kuzidisha unga nako humkausha. Hapa si mahali pa kukadiria kwa jicho.

Hatua ya 8: Kila nyongeza, kamua

Titi halijui kwamba mtoto amelishwa. Linajua limebaki limejaa, na linapobaki limejaa hupunguza kazi. Hicho ndicho kipande nilichokosa mara ya kwanza.

Mzunguko mmoja uende hivi: mtoto ananyonya dakika 10 hadi 15 kila upande, ukibana titi anaposinzia. Kisha mtu mwingine anampa nyongeza huku wewe unakamua dakika 15. Ulichokamua ndicho kinachotangulia kwenye nyongeza ijayo. Yote yaishe ndani ya saa moja, kisha ulale mpaka mzunguko unaofuata, kama mara nane kwa siku, mmoja wao ukiwa usiku wa manane.

Kwa mkono: kidole gumba juu na cha shahada chini, umbali wa sentimita tatu au nne nyuma ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana vidole vikutane, achia. Usivitelezeshe juu ya ngozi. Zungusha vidole pande zote. Katika siku tatu za kwanza mkono hushinda pampu, kwa sababu maziwa ya mwanzo ni mazito na hubaki kwenye plastiki. Pampu ikija, chuchu isugue kidogo au isisugue kabisa ndani ya kikombe chake. Ikiuma, kipimo si chako. Maziwa uliyokamua hukaa saa nne kwenye chumba kisicho na joto kali, au siku nne kwenye friji. Yapashe kwa kuzamisha chombo kwenye maji ya moto.

Mzunguko huu unachosha vibaya sana, na haukubuniwa kwa miezi. Rudi kupima uzito baada ya siku mbili, ubadilishwe kulingana na namba. Ukijikuta unalia kila siku, huoni usingizi hata mtoto akilala, au una mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu leo na umwone daktari. Huzuni iliyovuka wiki mbili baada ya kujifungua hutibika.

Hatua ya 9: Punguza, au kubali kinachobaki

Uzito ukipanda vizuri kwenye vipimo viwili mfululizo, na unasikia mezo nyingi, anza kupunguza. Toa mililita 15 hadi 20 kwenye milo miwili tu kwa siku, ukianzia na ya alfajiri na asubuhi, ambapo titi huwa na maziwa mengi. Ya jioni iwe ya mwisho kuguswa. Hesabu nepi siku tatu. Zikibaki sita na choo kikibaki cha njano, punguza tena, kisha mpime baada ya wiki. Nepi zikipungua, rudisha ulichotoa. Hujashindwa, umeharakisha tu.

Wapo watakaofika mahali nyongeza haishuki zaidi. Basi ibaki. Titi asubuhi na chupa jioni, miezi sita au zaidi, ni unyonyeshaji, na kila kiasi cha maziwa yako kinamfaa.

Kopo nalo lina muda wake tangu kufunguliwa, mara nyingi wiki nne. Andika tarehe kwenye mfuniko, lifungwe vizuri, likae pakavu. La mtoto wangu wa pili lilipofikisha siku hizo lilikuwa bado na zaidi ya nusu. Nililitupa, nikabaki na kijiko chake, ambacho sasa kinapimia chumvi.